Mfumo uliolipia haufanyi kazi na mnaelekea kugombana: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Usizime mfumo, usimtoe mtu kwenye grupu la WhatsApp, na usisaini karatasi yoyote leo. Hayo matatu kwanza, mengine yatafuata. Nasema hivyo maana simu nyingi ninazopigiwa kuhusu mifumo ya kompyuta iliyofeli zinakuja baada ya mtu kuwa ameshafanya mojawapo, na hapo haki iliyokuwa yake wazi kabisa inakuwa imeshaanza kumponyoka.

Kazi yangu ni mifumo, sio uwakili. Nimekaa upande wa mteja, nimekaa upande wa wanaotengeneza, na mara kadhaa nimeitwa kukaa na mawakili niwaelezee nini hasa kimevunjika. Mfano nitakaourudia rudia hapa ni wa SACCOS moja ya walimu niliyoisaidia. Walinunua mfumo wa mikopo, kanuni zao zinasema riba inapigwa kwenye salio linalobaki, mfumo ukawa unapiga flati, yaani kwenye mkopo wote wa mwanzo hata kama umeshapunguza deni. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa riba ya 18% kwa mwaka, miezi 12, marejesho ya 100,000 kila mwezi bila riba: kwa salio linalobaki riba yote ni 117,000, kwa flati ni 216,000. Yaani mwalimu mmoja anakatwa 99,000 isiyo halali, kwenye mkopo mmoja tu, na hawa ni watu wanaosomesha watoto kwa hiyo hela. Walipogundua, kijana wa kampuni akamfuata mwenyekiti, mzee mstaafu wa watu, akamwambia "shikamoo mwalimu, naomba saini yako hapa tufunge mwezi, hayo mengine tutarekebisha tukiendelea", mzee akasaini. Ile karatasi ilikuwa ya kupokea mfumo kwamba uko sawa na umekamilika. Saini hiyo ilitusumbua kuliko kosa lenyewe la riba.

Hatua ya 1: usiwe wewe wa kuvunja mkataba

Mteja akikasirika anasitisha malipo kimyakimya. Developa akikasirika anafunga mfumo. Yote mawili yanaishia mahali pamoja, yaani aliyekuwa anadai anageuka kuwa anadaiwa.

Kuna kesi ya Uingereza inayoonyesha hili vizuri sana. Kampuni ya bima iliingia mkataba na IBM mwaka 2015 wajengewe mfumo mpya, mradi ukachelewa, IBM wakaleta invoisi ya karibu pauni milioni 2.9, mteja akaikataa, basi 2017 IBM wakavunja mkataba wakisema hamjalipa. Mahakama ikaona ile invoisi ilikuwa imepingwa kihalali, kwa hiyo IBM hawakuwa na haki ya kuvunja, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ikaamua mteja alipwe zaidi ya pauni milioni 80 kwa gharama zilizopotea bure. Soma hiyo mara mbili kama wewe ndo unatengeneza mifumo na una mteja hajalipa.

Nataja kesi za Uingereza kwa sababu zinatuhusu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imetokana na ile ya India ya 1872 ambayo Waingereza waliitumia huku, na Kenya wanafuata kanuni za mikataba za Kiingereza, kwa hiyo mawakili wa Dar na Nairobi wanazisoma hukumu hizi na kuzitumia kushawishi, japo hazimfungi jaji wetu.

Sasa ufanyeje na invoisi iliyo mezani? Igawe. Kazi iliyofanyika na haina ubishi, lipa, na udai risiti ya EFD (Kenya ile ya eTIMS) maana hiyo ndo ushahidi wa malipo usiobishika. Sehemu yenye ubishi andika barua au imeili kabla tarehe ya kulipa haijapita, useme invoisi namba fulani, kiasi fulani, tunakipinga kwa sababu hizi na hizi. Mkataba mwingi unatoa siku maalum za kupinga invoisi, mara nyingi watu wanazipita bila kujua.

Kwa developa: usiguse seva ya mteja ukiwa na hasira. Usiweke kitu cha kuzima mfumo tarehe fulani hata kama unamdai. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya kuna ile ya 2018, na kuingia au kuharibu mfumo wa mtu bila ruhusa ni jinai, kwa hiyo ulikuwa na madai yako mazuri kabisa unajikuta unaelezea polisi.

Hatua ya 2: jihakikishie data na funguo, leo hii

Kabla ya barua yoyote kali. Nimeona hospitali ndogo imeandika barua ya kutisha Jumatatu, Jumanne hawaingii kwenye mfumo, na wagonjwa wapo kwenye benchi wanasubiri mafaili yao. Sijui hata kama walifungiwa makusudi au ni hitilafu, lakini wagonjwa hao haiwasaidii kujua.

Kwa hiyo chukua bekapu kamili ya hifadhidata, uiweke mahali ambapo kampuni ya mfumo haifiki, na uijaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine uone inafunguka, maana bekapu ambayo hujawahi kuirudisha bado huna uhakika nayo. Toa pia ripoti muhimu kwenye fomati ya kawaida, Eksel au PDF: salio la kila mwanachama, stoku, madeni. Halafu angalia domeni (anwani ya tovuti yenu) imesajiliwa kwa jina la nani. Kwa domeni za .tz angalia kumbukumbu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kenya ni KeNIC, utashangaa ni kampuni ngapi domeni yao iko kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti. Paswedi ya admini ya juu kabisa unayo? Akaunti ya seva analipia nani, kwa kadi ya nani? Akaunti ya kutuma meseji, akaunti ya malipo ya simu, viko kwa nani? Andika vyote kwenye karatasi moja.

Kama hivyo vitu viko kwao, viombe kwa upole na kwa maandishi, kama jambo la kawaida la utawala, kabla ya ugomvi kuwa wa wazi. Usiingie kwa mlango wa nyuma kwenye seva yao, hilo kosa la jinai nililotaja juu linakuhusu na wewe.

Na kumbuka data za watu ni jukumu lako wewe mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na mwanachama ambaye taarifa zake zimevuja atakuuliza wewe, hamjui huyo aliyekutengenezea.

Hatua ya 3: kusanya karatasi, na meseji pia ni karatasi

Mkataba, proposo waliyokuletea kabla hujasaini, slaidi za demo, LPO (hati ya agizo), invoisi, risiti, orodha ya mahitaji, dondoo za vikao, karatasi za majaribio, imeili. Weka kwa mpangilio wa tarehe. Kama mkataba ni wa Tanzania angalia umelipiwa ushuru wa stempu, haujalipiwa kalipe sasa hivi maana upande wa pili anaweza kusimama mahakamani akaupinga usipokelewe, na ni hela ndogo tu.

WhatsApp usichukue skrinishoti peke yake. Skrinishoti inakatwa katwa, tarehe haionekani, namba haionekani. Ingia kwenye maongezi yenyewe, tumia ile sehemu ya kutoa maongezi yote kama faili, itume kwenye imeili yako, na simu yenyewe usiiuze wala usiifomati mpaka mambo yaishe. Tanzania kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinakubali ushahidi wa kielektroniki ila mahakama inaangalia uliundwaje, ukatunzwaje, ukatumwaje na aliyeutuma anatambulikaje. Kenya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati ya uthibitisho inayoambatana na huo ushahidi, na watu wanapoteza ushahidi mzuri kwa kukosa hiyo karatasi moja. Mwambie wakili wako mapema, msianze kuhangaika siku ya kesi.

Proposo na demo nazisisitiza kwa sababu. Mwaka 2000 kampuni ya televisheni ya BSkyB huko Uingereza iliwapa kampuni ya kompyuta ya EDS kazi ya mfumo wa huduma kwa wateja, kama pauni milioni 48, na mkataba ulikuwa na kikomo kwamba EDS hawatadaiwa zaidi ya pauni milioni 30. Mradi ukaharibika. BSkyB wakathibitisha kwamba wakati wa kuuza, meneja wa EDS alidanganya kuhusu muda ambao kazi ingechukua, hakuwa amepiga hesabu ya maana. Huyo meneja pia alijitetea kwamba ana shahada ya uzamili ya chuo fulani cha Marekani, wakili wa upande wa pili akaenda kwenye mtandao akamnunulia mbwa wake shahada hiyo hiyo, na mbwa akapata alama nzuri zaidi. Mwaka 2010 jaji akasema ule ulikuwa udanganyifu, na kikomo cha milioni 30 hakimlindi mdanganyifu. Mwisho upande wa EDS ukawalipa BSkyB pauni milioni 318. Kwa hiyo ile slaidi iliyosema "tumeshafunga mfumo huu sehemu tano" itunze, na uulize hizo sehemu tano ni zipi.

Hatua ya 4: soma mkataba, ila soma sehemu hizi

Usisome kama riwaya, tafuta majibu. Kazi iliyoahidiwa ni ipi na imeandikwa wapi, kwenye mkataba au kwenye kiambatisho ambacho hakuna aliyekisaini? Mfumo unahesabika umepokelewa lini? Hapa kuwa makini mno, mikataba mingi inasema ukianza kuutumia kwenye kazi halisi, au zikipita siku kadhaa bila wewe kulalamika kwa maandishi, umeupokea. Kosa likitokea unatakiwa utoe taarifa wapi, kwa njia gani, na wana siku ngapi za kurekebisha? Kuvunja mkataba kunahitaji notisi ya siku ngapi? Kuna kikomo cha fidia? Sosi kodi (maandishi ya programu yenyewe) ni ya nani? Mgogoro unaenda kwa msuluhishi, kwa waamuzi wa kibinafsi (arbitration) au mahakamani, na ni sheria ya nchi gani? Nimekutana na mteja wa Mwanza ambaye mkataba wake ulisema mgogoro utasikilizwa Singapore, hakuwa amesoma ukurasa huo kabisa.

Kuhusu kikomo cha fidia, usikate tamaa ukiona kidogo lakini usikipuuze pia. Halmashauri ya St Albans Uingereza ilishinda dhidi ya kampuni ya kompyuta ya ICL mwaka 1994 pamoja na kwamba mkataba uliweka kikomo cha pauni 100,000, jaji aliona si cha haki, hasa kwa kuwa ICL walikuwa na bima ya milioni 50. Ila alitumia sheria yao ya 1977 inayohusu masharti ya namna hiyo, kwa hiyo usiende mahakama ya Kisutu, Dar, ukadhani itatembea vilevile.

Faini ya kuchelewa nayo ina utaratibu wake. Tanzania kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kama mkataba umetaja kiasi, unapata fidia ya haki isiyozidi hicho kiasi. Na usidhani kwamba kwa sababu kazi haikukamilika basi faini ya kuchelewa imekufa: kesi ya kampuni ya programu ya Triple Point dhidi ya PTT ya Thailand, iliyofika Mahakama ya Juu ya Uingereza 2021, iliamua faini ya kuchelewa inahesabika mpaka siku mkataba ulipovunjwa.

Hauna mkataba wa maandishi? Wengi hawana, ni makubaliano ya simu na advansi ya M-Pesa. Bado ni mkataba, ila kazi ya hatua ya 3 inakuwa kubwa mara tatu.

Hatua ya 5: panga makosa kwenye mafungu matatu

Hapa ndipo ninapopigania sana, maana ndipo pesa ilipo. Mteja anakuja na malalamiko arobaini. Ukiyapeleka yote arobaini kama yalivyo, upande wa pili atachukua matano ya kipuuzi atayachana chana na yale mazito yatachafuka pamoja nayo.

Fungu la kwanza: mfumo haufanyi kilichoandikwa. Mahitaji namba 14 yanasema riba ni ya salio linalobaki, mfumo unapiga flati. Hilo ni kosa lao. Fungu la pili: mfumo unafanya kilichoandikwa lakini wewe sasa unataka kingine. Uliomba ripoti ya mwezi, sasa unataka ya wiki. Hiyo ni kazi mpya, ina bei yake, na usione aibu kukubali hivyo kwa maandishi kwa sababu inakufanya uaminike kwenye yale mengine. Fungu la tatu: kosa limetoka kwako. Data za zamani mlizowapa zilikuwa na majina mawili mawili, mtu wenu wa kufanya majaribio hakutokea wiki tatu, bosi hakujibu imeili.

Fungu la tatu watu hawalipendi ila mahakama zinaliangalia. Katika kesi ya Anglo Group dhidi ya Winther Browne, Uingereza mwaka 2000, mteja alishindwa, na jaji akaeleza kwamba anayenunua mfumo wa kawaida ana wajibu wa kusema mahitaji yake maalum wazi, kutenga muda wa kujifunza, na kushirikiana kutatua matatizo yanayojitokeza.

Kwa kila kosa la fungu la kwanza andika: tarehe lilipoonekana, nani aliliona, alikuwa anafanya nini, alitarajia nini, akapata nini, mahitaji namba ngapi, liliripotiwa lini, walijibu nini, madhara yake kwa hela. Mstari mmoja kwa kosa moja. Sisi kwenye SACCOS tulikaa wikendi nzima na mhasibu, tukachukua mikopo 30, tukaipiga kwa mkono pembeni ya namba za mfumo. Hayo makaratasi ndiyo yaliyomrudisha mezani mkurugenzi wa ile kampuni, maana msanifu wake mwenyewe aliyaona na akakiri kwamba fomula ilikuwa ya flati, na kwa kuwa kosa halikuonekana kwenye skrini siku ya kusaini, wakili wetu akapata pa kusimamia.

Kama mfumo ni mkubwa tafuta mtaalam wa nje, asiye rafiki yako wala mshindani wao, auangalie mapema kabla mambo hayajabadilishwa.

Hatua ya 6: barua

Sio vitisho. Barua nzuri inasomeka hata na jaji miaka miwili baadaye na anaelewa nani alikuwa mstaarabu. Mfano:

"Rejea mkataba wetu wa tarehe fulani, kifungu cha 9 kinachohusu marekebisho. Tumebaini kwamba mfumo unakokotoa riba kwa flati badala ya salio linalobaki kama ilivyo kwenye mahitaji namba 14. Orodha ya mikopo 30 iliyoathirika imeambatishwa. Tunaomba mrekebishe kosa hili ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, pamoja na kusahihisha taarifa za wanachama walioathirika. Iwapo halitarekebishwa ndani ya muda huo, tutachukua hatua tulizo nazo kwa mujibu wa mkataba na sheria. Barua hii haiondoi haki yetu nyingine yoyote."

Ipeleke kwa njia ambayo mkataba umesema. Kama mkataba unasema kwa mkono ofisini, WhatsApp haitoshi. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri na tarehe. Muda unaotoa uwe ule wa kwenye mkataba, na kama haupo uwe unaotekelezeka, ukimpa mtu siku mbili kurekebisha kazi ya mwezi unajionyesha hukutaka arekebishe.

Kama unayemdai ni taasisi ya serikali Tanzania, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Usiisahau, kesi inatupwa nje mlangoni.

Hatua ya 7: kaeni, lakini kwa kumbukumbu

Mezani mlete mtu anayejua mfumo na mtu mwenye mamlaka ya kutoa hela, pande zote mbili. Kikao cha wanasheria watupu hakitatui bagi (kosa la mfumo), na kikao cha mafundi watupu hakitoi hundi. Mtu mmoja aandike dondoo, azitume kwa wote jioni ile ile aseme "kama kuna nilipokosea nijulisheni kabla ya Ijumaa". Mkitaka kuongea namba za kupatana, kubalianeni kwanza kwa maandishi kwamba mazungumzo hayo ni ya suluhu na hayataathiri haki ya yeyote, ili kesho asije akasema "ulishakubali nusu".

Wakati mnaongea usiache kupunguza hasara. Sheria inakutaka ufanye hivyo, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinachohusu fidia kinaangalia pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza madhara. SACCOS ilirudi kwenye Eksel kwa mikopo mipya ndani ya wiki ile ile, na muda wa mhasibu tukaandika saa kwa saa.

Hatua ya 8: piga hesabu ya hasara kwa uaminifu

Kifungu hicho hicho cha 73 kinakupa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, au ambayo pande zote zilijua wakati zinasaini kwamba inaweza kutokea. Za mbali hupati. Kwa hiyo hela ya kumlipa mtu mwingine kurekebisha, ndio. Ovataimu za mhasibu zenye kumbukumbu, ndio. Pesa mliyowarudishia wanachama, ndio, ukiwa na risiti. "Tungepata wanachama 500 wapya" bila karatasi yoyote, hapana, na kuiweka kunafanya namba nyingine zitiliwe shaka.

Hatua ya 9: pa kupeleka

Kama mkataba una kifungu cha waamuzi wa kibinafsi na ukakimbilia mahakamani, mwenzako akiomba mapema mahakama itasimamisha kesi mwende kwa mwamuzi. Tanzania ni Sheria ya Usuluhishi (Arbitration Act) ya 2020, Kenya ni ya 1995. Mwamuzi unaweza kuchagua anayejua teknolojia, hiyo ni faida kubwa, ila mnamlipa nyinyi, kwa madai madogo anaweza kula hela yote mnayogombania.

Mahakamani Tanzania kesi za madai zinapitia usuluhishi kwanza, na Dar kuna Kituo cha Usuluhishi cha Mahakama Kuu. Ichukulie kwa uzito, mifumo ni mambo ambayo watu wengi wanaweza kupatana wakiketishwa na mtu wa tatu. Tangu 2021 Kiswahili ndio lugha ya mahakama, kwa hiyo shahidi wako fundi afanye mazoezi ya kueleza hifadhidata kwa Kiswahili cha kueleweka. Kenya kama madai hayazidi shilingi 1,000,000 nenda Mahakama ya Madai Madogo, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Wale developa mliofanya kazi ya laki tatu mkadhulumiwa, hiyo mahakama ni yenu kabisa.

Muda: miaka 6 kwa madai ya mkataba, Tanzania na Kenya zote. Inaonekana mingi lakini mashahidi wanahama kazi na simu zinapotea.

Hatua ya 10: mkipatana, isome hati ya suluhu kama vile ndio mkataba wa kwanza

Jimbo la Queensland, Australia, liliwekewa mfumo wa mishahara ya wafanyakazi wa afya, karibu watu 80,000, IBM wakiwa wakandarasi wakuu. Ukaanza kutumika Machi 2010, na manesi wengine hawakulipwa kabisa, wengine wakalipwa pungufu, wengine zaidi. Gharama yote ikakadiriwa kufika dola za Australia bilioni 1.2. Serikali ikaja kushtaki, na 2015 ikashindwa. Haikushindwa kwa sababu mfumo ulikuwa mzuri. Ilishindwa kwa sababu mwaka ule ule wa 2010 ilisaini hati ya makubaliano iliyowaachilia IBM na madai hayo.

Kwa hiyo hati ya suluhu iseme kwa kutaja: makosa yapi yanarekebishwa, tarehe, nani anayapima na kwa mikopo ipi ya mfano, kiasi gani kinalipwa na lini, sosi kodi na data vinakabidhiwa kwenye nini. Na kile kipengele cha "pande zote zinaachiliana madai yote" kianze kufanya kazi baada ya hayo kukamilika, sio siku ya kusaini. Kama watasema haiwezekani, angalau madai yanayoachwa yatajwe moja moja kwa namba zake kwenye ile orodha ya hatua ya 5, yale ambayo hayajaonekana bado yabaki nje.

Sisi hati yetu ilikaa wiki mbili kwa ajili ya kipengele hicho kimoja. Siku ya kukabidhi tulileta mikopo 30 ile ile, mhasibu akaipiga mbele yao mmoja baada ya mwingine, wa 27 ukagoma kwa sababu ulikuwa na marejesho ya mapema, wakaurekebisha pale pale mezani mpaka saa mbili usiku. Yule mzee mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne, ndipo akasaini.